Dada Obdulia na Bandeji Iliyobeba Jina Lake

Padre, majirani wa mtaa wetu wa La Piedad, na ninyi nyote mliofunga karakana zenu leo: mimi ni Fermín, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kuusoma wasifu huu kwa sababu Anselmo, mume wake, amesema akifungua mdomo atalia, na Citlali, binti yao, amesema akifungua mdomo atatukana. Mimi nitajitahidi nisifanye lolote kati ya hayo mawili. Mwenye nakala mkononi anaweza kufuatilia, yote yamechapishwa kama nitakavyoyasoma.

Dkt. Obdulia Urbán Cedillo alizaliwa tarehe 5 Septemba 1958 hapa hapa Tultepec, akiwa mtoto wa kwanza wa Don Crescencio Urbán, fundi wa fataki, na Doña Amparo Cedillo. Siku hiyo kalenda ya watakatifu ilisema Obdulia, na baba hakuwa mtu wa kubishana na kalenda. Mwenyewe hakulipenda jina hilo hata kidogo. "Mngesubiri kesho yake tu," alikuwa akimlalamikia mama, "ningeitwa jina la mtu." Nyumbani tulimwita Duli, na nitamwita hivyo nikichoka kumwita daktari.

Alipokuwa na miaka tisa, baruti ilimlipukia baba mkono wa kushoto. Jirani, kwa nia njema kabisa, akampaka dawa ya meno, kama tunavyofanya hapa mpaka leo ingawa kila mwaka tunaambiwa tuache. Kisha akafungwa bandeji ya kawaida, na kila asubuhi bandeji ilikuwa imegandamana na nyama, na kila asubuhi ilibidi ibanduliwe. Baba, ambaye hakuwahi kutukana mbele ya watoto, alitukana. Kazi ya kubandua ilimwangukia Duli kwa sababu mama hakuweza kutazama damu. Aliloweka kitambaa kwa chai ya kamomili, akabandua polepole, akimwambia baba, "Tukana tu, mimi sisikii." Jioni akamuuliza mama maana ya maneno mawili, akachapwa kofi. Lakini tangu siku zile alikuwa na swali moja kichwani: kwa nini dawa isikae ndani ya bandeji yenyewe, itoke taratibu, mtu aachwe apone bila kubanduliwa ngozi kila kukicha?

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa nyumbani, na mwaka 1976 akaingia chuo kikuu jijini Mexico kusomea kemia ya dawa. Alikuwa msichana wa kwanza wa mtaa wetu kutoka alfajiri na vitabu badala ya ndoo ya mahindi ya kupeleka mashineni. Huko alikutana na kijana wa Orizaba aitwaye Evaristo Landa Quiroz, ambaye leo ni Dkt. Landa, na amesimama pale karibu na ukuta, mwenye koti jeusi. Msigeuke. Nitafika kwake.

Nitasema ukweli, tulimpenda. Alikuja kila Jumapili, akala barbacoa mpaka mifupa ikang'aa, akamtania mama yetu.

"Doña Amparo, mimi nikifa nizikeni jikoni kwako."

"Utazikwa uani na mbwa," mama alimjibu, huku akimwongezea nyama.

Alikuwa mcheshi, alikuwa na akili ya biashara, na Duli alimwamini kuliko alivyotuamini sisi wa damu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwonea wivu. Baba alipofariki mwaka 1983, Evaristo alibeba jeneza bega kwa bega na mimi.

Tarehe 15 Februari 1986, marehemu alifunga ndoa na Anselmo Pacheco Luna, mpiga tarumbeta, katika parokia yetu ya Mama Yetu wa Loreto. Bibi harusi alichelewa, kwa sababu alipitia maabara kwanza kutazama sahani zake za bakteria. Padre wa wakati ule alimuuliza Anselmo kama bado ana nia. "Padre," Anselmo akajibu, "akinipenda nusu tu ya anavyowapenda wale wadudu wake, nimepata mke." Mwaka 1989 walijaliwa Citlali, na aliyemshika mtoto kwenye maji ya ubatizo alikuwa Evaristo. Sina haja ya kuwaeleza ninyi maana yake. Kuanzia siku hiyo wakaitana kompadre na komadre, na huo ni undugu usio na talaka.

Sasa kazi yake. Kuanzia mwaka 1984 aliajiriwa katika maabara ya wodi ya walioungua, hospitali ambayo leo sitaitaja, na humo ndimo alimotengeneza kile mnachokijua. Kilikuwa karatasi laini, nyeupe, ya duara, iliyotengenezwa kwa nyuzi za ngozi ya ng'ombe na kutiwa antibiotiki ndani yake. Unaitandika juu ya kidonda, inashika, nayo inaachia dawa kidogo kidogo kwa muda wa wiki. Watoto wa wodini waliiita tortilla ya Doña Duli, kwa kufanana kwake na chapati zetu za mahindi. Wengi wenu hapa mmewahi kuivaa. Chucho, inua mkono. Basi, asante.

Karatasi kuwa nzuri ni jambo moja, na kuifikisha kwenye kidonda ikiwa haina kijidudu hata kimoja ni jambo jingine. Hapo ndipo alipomaliza ujana wake. Mara ya kwanza aliitia kwenye mashine ya mvuke, ile inayochemshia mikasi ya hospitali, na alipofungua mlango akakuta uji. Alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa: "Fermín, njoo na kikombe, nimepika atole ya ghali kuliko zote Mexico!" Akajaribu mionzi. Boksi linaingia limefungwa, linatoka limefungwa, kazi ya siku moja, na karatasi ikitoka unaiona ni ile ile. Lakini haikuwa ile ile. Mionzi ilikuwa imekatakata zile nyuzi za ndani zinazoishikilia dawa, kwa hiyo ikiwekwa kwenye kidonda dawa yote inamwagika siku ya kwanza. Mwisho akaangukia kwenye gesi. Gesi haikuigusa karatasi, ila ilikuwa na masharti yake: baada ya kutakaswa, maboksi yalikaa rafuni kwenye chumba cha feni siku nyingi mpaka gesi iishe, kwa sababu gesi hiyo ni sumu.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Duli alikuwa na desturi moja, na hakuiacha hata wakati yeye na Evaristo walipoacha kazi hospitalini mwaka 2003 na kufungua kiwanda chao kule Cuautitlán. Kutoka kila mzigo uliotakaswa alichomoa karatasi moja, akaiweka kwenye sahani yenye bakteria, akaitazama kila asubuhi. Pale dawa inapofika, bakteria hawaoti, na panabaki duara safi kuizunguka karatasi. Kila siku aliihamishia kwenye sahani mpya. Kama siku ya mwisho duara bado lipo, mzigo unatoka. Kama halipo, unatupwa, hata kama wateja wako mlangoni wanapiga kelele. Alipima baada ya kutakasa, si kabla. "Mgonjwa hatavaa karatasi niliyoitengeneza," alikuwa akisema, "atavaa karatasi iliyotoka kule ndani." Na kwa kuwa kila boksi liliandikwa OBDULIA kwa herufi kubwa, lile jina alilolichukia lilianza kumpendeza.

Mwaka 2014 mama yetu aliugua ugonjwa wake wa mwisho. Evaristo alikuja nyumbani, akaketi kitandani kwa mama, akamshika Duli mkono mbele yangu. "Komadre, kaa na mama. Kiwanda niachie mimi." Duli alilia kwa shukrani, nami nilimtolea mgeni tequila nzuri, ile ya kabatini.

Mama alizikwa. Duli akarudi kazini, akaambiwa mambo yanakwenda vizuri, mzigo haukwami tena, hospitali zimefurahi. Aliambiwa pia kwamba sahani zake sasa zinaangaliwa na vijana wapya, apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Alikuwa amechoka na msiba. Akaamini.

Machi 2015, sikukuu ya Mtakatifu Juan wa Mungu, msimamizi wetu sisi mafundi wa fataki, usiku wa mafahali. Mwanangu Tadeo alikuwa anasukuma fahali letu la karatasi uwanjani, lililojaa fataki kama kila mwaka, na cheche moja ikaingia mahali isipotakiwa. Aliungua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Duli alifika hospitali kabla yangu. Alifungua boksi la OBDULIA kwa mikono yake, akamtandika mwanangu karatasi kwa mikono yake, akamwambia, "Tulia, mwanangu, hii ni ya shangazi yako. Hakuna atakayekubandua." Siku ya kwanza kidonda kilikuwa kisafi ajabu. Siku ya tatu kilinuka. Wauguzi hawakufungua mapema, kwa sababu ile ndiyo sifa ya karatasi yenyewe, kwamba unaiacha. Walipofungua, usaha ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Tadeo alikatwa vidole viwili.

Duli hakupiga kelele. Alichukua karatasi kutoka kwenye boksi lile lile, akaenda nayo kwenye maabara yake ya zamani, akaiweka sahanini. Siku ya kwanza duara lilikuwa pana kuliko alivyowahi kuliona. Siku iliyofuata lilikuwa dogo. Kisha hapakuwa na duara. Aliniita nione.

"Imetoa yote siku ya kwanza," alisema, "kama mlevi siku ya mshahara."

"Maana yake nini, dada?"

"Maana yake wameipiga mionzi. Na hizo sahani wanazoangalia, wanaangalia kabla."

Jumapili hiyo Evaristo alikuja kula kama kawaida. Sote tulikuwepo mezani, Anselmo, Citlali na mimi. Duli alimwacha amalize supu.

"Kompadre, gesi umeiacha lini?"

Evaristo akaweka kijiko chini. Hakukana, kwa hilo nampa sifa.

"Mama alipokuwa anaumwa. Komadre, nisikilize. Gesi inatuchelewesha, mzigo unakaa rafuni, wagonjwa wanangoja. Na ile gesi ni sumu, wewe mwenyewe unajua. Umeivuta miaka mingapi? Nilifanya kwa ajili yako pia."

"Kwa ajili yangu?"

"Haki ya Mungu."

"Kama ulifanya kwa ajili yangu, mbona hukuniambia?"

Citlali akaanza kulia. Duli akaendelea, taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akimsemeshea baba wakati wa kubandua bandeji. "Mionzi si adui yangu, kompadre. Ungeniambia tu, ningeibadilisha karatasi, ningeipa nyuzi nyingine, ningeigandisha kwanza, ningepunguza kipimo. Tulipofungua kiwanda nilikuomba mwaka mmoja wa kufanya hivyo, ukasema hakuna haja. Sasa umeniachia niweke kitu nisichokijua kwenye mkono wa Tadeo, na kina jina langu."

Evaristo aliahidi. Maboksi yatarudishwa, alisema, na hospitali zitaambiwa ukweli. Maboksi yalirudishwa kweli. Lakini mbele ya wakuu wa hospitali alisimama akasema kwamba tatizo lilikuwa kwenye fomula ya Dkt. Urbán, kwamba karatasi yenyewe haikuwa imara tangu mwanzo. Kuhusu mionzi hakusema neno. Mwezi uliofuata jina la OBDULIA liliondolewa kwenye maboksi, na mwenye jina akaondolewa kiwandani.

Nanyi majirani zangu, leo sitawaacha. Mlisema. Kwenye foleni ya tortilla, sokoni, kwenye ngazi za kanisa, mlisema bandeji ya Duli inaozesha watu. Yuko mmoja hapa aliyemwambia usoni, "Daktari, mimi bora dawa ya meno." Aliingia nyumbani akatuigizia sauti ya mtu huyo, tukacheka, kisha akajifungia chumbani. Mkono wa dada yangu ulikuwa umewaokolea ninyi ngozi kwa zaidi ya miaka kumi, na mkamgeuka kwa wiki moja. Sisi tuliuma meno. Yeye alitukataza kabisa kwenda mahakamani.

"Sitaki pesa zake," alisema, "na sitaki afungwe, alimsimamia mwanangu ubatizo. Nataka aseme sentensi moja mbele ya watu: walibadilisha njia ya kutakasa, na Obdulia hakujua. Basi."

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na saratani ya tezi. Daktari alipoulizwa kama ni ile gesi aliyokaa nayo miaka yote, alisema hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana. Duli alisema hilo ni jibu la mwanasayansi mzuri, akamshukuru. Alivumilia matibabu kwa utani wake ule ule. Nywele zilipokatika aliniomba nimtengenezee wigi la karatasi za fataki, nikamtengenezea, akalivaa kwa daktari wake, na daktari akaomba lisiwashwe wodini.

Evaristo alikuwa akija kumwona. Alileta machungwa, alimkanda miguu, wakakumbuka chuo. Kila mara Duli alimuuliza, na kila mara alisema ndiyo, komadre, nitasema, wakati ukifika. Mwishowe wakapanga siku: Machi 8, 2019, kwenye misa ya Mtakatifu Juan wa Mungu, mafundi wote wakiwepo, padre atampa nafasi baada ya komunyo. Duli alivaa gauni la bluu. Tukamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka mlangoni pa kanisa ili amwone akiingia. Misa ikaanza, komunyo ikapita, baraka ikatolewa, watu wakatoka kwenda kutazama mafahali. Simu yangu ikalia, nikampa Duli. Evaristo alisema amekwama kwenye foleni.

Duli alinirudishia simu. "Hii foleni ndefu, Fermín," akasema. "Imeanza 2015."

Hapo niliona kitu kikivunjika ndani yake ambacho saratani haikuwa imekigusa. Kuanzia siku ile hakumtaja tena. Watu wanasema alimsamehe. Mimi nilikuwa naye kila siku, sikumsikia akisema hivyo, na sitamsingizia marehemu.

Dkt. Obdulia alifariki nyumbani kwake juzi, tarehe 22 Oktoba 2019, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 61. Anselmo alikuwa anampigia tarumbeta polepole, ikiwa imezibwa ili isimuumize. Alisema Anselmo amekosea noti. Anselmo anasema ni kweli, alikosea.

Marehemu ameacha mume, Anselmo Pacheco Luna, binti, Citlali, na mumewe, wajukuu wawili, mdogo wake, yaani mimi, na mke wangu Eréndira, mpwa wake Tadeo, na watu wengi wa mji huu wanaotembea wakiwa na ngozi nzima kwenye mikono yao. Mkiwa na shaka, vueni mashati.

Kwa kawaida hapa ningemtaja na kompadre. Jana alinipigia akiomba nafasi ya kumuaga komadre wake. Citlali alikataa. Anselmo alisema mpe. Kwa hiyo mtaona jina lake kwenye programu, chini ya wasifu huu, kabla ya kushusha jeneza, na hakuna kitu kingine kilichopangwa kati yake na kaburi.

Evaristo, siombi hotuba. Usituambie jinsi ulivyompenda, tulikuona ukimpenda. Sentensi unaijua. Foleni imeisha, umeshafika, na yeye bado yuko juu ya ardhi. Ukiisema, utashika kamba ya kushoto, kama kompadre anavyostahili, na tutamshusha pamoja. Usipoisema, kamba hiyo ataishika Tadeo, kwa vidole alivyobakiwa navyo.

Mungu ampe Obdulia pumziko ambalo sisi tulimnyima. Kompadre, karibu mbele.